Mawe manne kutoka pakiti moja: mwongozo wa kupima na kuhesabu kwa besi tatu

Chukua pakiti ya sukari ya kilo mbili. Igawe katika vifuko vinne: cha kwanza gramu 50, cha pili gramu 150, cha tatu gramu 450, na cha nne gramu 1,350. Ukiwa na vifuko hivyo na mizani ya sahani mbili, utapima gramu 50, 100, 150, 200, na kuendelea hivyo hivyo hadi kilo mbili kamili, bila kuruka kipimo hata kimoja. Vifuko vinne, vipimo 40. Siri yake ni kwamba jiwe la mizani lina ruhusa ya kukaa sahani yoyote, hata ile yenye bidhaa.

Nimemwandikia msomaji wa Kamenu, ile wadi ya eneo bunge la Thika Town katika Kaunti ya Kiambu, kwa sababu vipimo vidogo si jambo geni kwake. Sukari ya robo, unga wa nusu, maharagwe ya gorogoro: huo ndio uchumi wa kadogo, na anayeuishi huhesabu kichwani kila siku. Mzazi mwenye mtoto wa shule, mwalimu, na mwenye duka ambaye bado ana mizani ya zamani chini ya kaunta, wote watapata la kufanya hapa. Kazi yenyewe ni ya jioni moja, na sukari hailiwi wala haimwagiki.

Kwanza vifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, kwa hiyo shona vifuko vya kitambaa kizito, kila kimoja na kamba yake ya kufungia. Kifuko chenyewe kina uzito, nao unahesabiwa: unapopima, pima sukari pamoja na kifuko na kamba. Ndiyo maana mwishoni itakubakia sukari kidogo ambayo haikuingia popote. Kama unataka mawe ya kudumu, tumia mchanga mkavu badala ya sukari, maana mchanga hauiti sisimizi. Tangu hapa nitaviita vifuko hivi mawe, kwa kuwa kazi yao ni ya mawe ya mizani.

Ili kuyapima sawasawa, azima dukani mawe manne halisi: la gramu 50, la 200, la 500 na la kilo moja. Hayo yanatosha, na namna yanavyotosha ni somo la kwanza la mwongozo huu. Gramu 50 tuziite kipande kimoja. Mawe yetu basi ni la kipande 1, la vipande 3, la 9 na la 27. Jiwe la 1 lilinganishe moja kwa moja na gramu 50. Kisha weka jiwe la gramu 200 upande mmoja, na upande wa pili weka jiwe lako la 1 pamoja na kifuko cha pili. Jaza kifuko hicho hadi mizani ilale sawa. Gramu 200 ni vipande vinne, kimoja tayari kipo, kwa hiyo kifuko kina vitatu. Sasa weka gramu 500, ambazo ni vipande kumi, na upande wa pili jiwe la 1 pamoja na kifuko cha tatu: utapata jiwe la 9. Mwisho weka kilo moja na gramu 500 pamoja, yaani vipande 30, na upande wa pili jiwe la 3 pamoja na kifuko cha nne: utapata jiwe la 27.

Kama hukupata mizani ya sahani mbili, itengeneze. Ubao mwembamba ulionyooka wa urefu wa mita moja unafaa. Toboa tundu katikati kabisa ya urefu wake, lakini juu kidogo ya katikati ya upana, kwani tundu likiwa chini ubao utapinduka badala ya kutulia. Uning'inize kwa msumari, kisha funga beseni mbili ndogo kwa kamba, kila moja umbali uleule kutoka kwenye tundu. Zikiwa tupu na ubao umeinama, bandika kipande cha udongo au utepe kwenye upande mwepesi hadi ulale sawa.

Jaribu uaminifu wa mizani kabla ya kuiamini. Weka kitu chochote upande mmoja, kilinganishe na mchanga upande wa pili, kisha hamisha: cha kulia kiende kushoto na cha kushoto kiende kulia. Mizani ya kweli italala sawa tena. Ikiinama, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, hata kama ikiwa tupu ilionekana sawa. Mnunuzi pia anafaa kulijua jaribio hili, maana kosa la namna hiyo halionekani kwa macho.

Na kuna onyo. Mawe haya si ya kuuzia. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka mawe na mizani inayotumika katika biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Vifuko vyako ni vya kujifunzia nyumbani na darasani. Dukani tumia mawe yenye muhuri.

Sasa tuandike. Weka bidhaa sahani ya kushoto. Jiwe likikaa kulia, ng'ambo ya bidhaa, liandikie +. Likikaa kushoto pamoja na bidhaa, liandikie −. Likiwa nje ya mizani, andika 0. Anza daima na jiwe kubwa: 27, halafu 9, halafu 3, halafu 1. Robo kilo ni vipande vitano, na unaipata kwa kuweka jiwe la 9 kulia, huku la 3 na la 1 yakiwa kushoto pamoja na sukari: tisa ukitoa tatu ukitoa moja. Huandikwa 0 + − −. Nusu kilo, vipande kumi, ni 0 + 0 +. Robo tatu, vipande 15, ni + − − 0, yaani 27 ukitoa 9 ukitoa 3. Kilo moja, vipande 20, ni + − + −, na hapo mawe yote manne yamepanda, mawili huku na mawili kule. Kilo na robo ni + 0 − +. Kilo na nusu ni + 0 + 0. Kilo na robo tatu ni + + 0 −. Kilo mbili ni + + + +.

Huu ndio uandishi wa namba kwa besi tatu wenye ulinganifu. Katika besi kumi tuliyoizoea kila nafasi ina thamani mara kumi ya jirani yake wa kulia. Hapa ni mara tatu. Tofauti yake na besi tatu ya kawaida, inayotumia tarakimu 0, 1 na 2, ni kwamba hapa hakuna 2. Mahali pake pamechukuliwa na −, yaani tarakimu inayopunguza. Ni badiliko dogo, lakini linaipa namba sifa ambazo besi kumi haina.

Kuipata namba yoyote bila kubahatisha, gawanya kwa tatu. Baki likiwa 0, andika 0. Likiwa 1, andika +. Likiwa 2, andika − na uongeze moja kwenye jibu la mgawanyo, kwa sababu mbili ni tatu ukitoa moja. Jibu ligawanye tena kwa tatu, na uandike kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua 23. Ukigawanya kwa tatu unapata 7, baki 2: andika −, na 7 inakuwa 8. Nane kwa tatu ni 2, baki 2: andika − tena, na 2 inakuwa 3. Tatu kwa tatu ni 1, baki 0: andika 0. Imebaki 1: andika +. Soma kutoka kushoto: + 0 − −. Hakikisha: 27 − 3 − 1 = 23.

Hayo ni ya anayejua uzito anaoutaka. Kazi tamu zaidi ni kupima kitu usichojua uzito wake, kabichi ndogo kwa mfano au nanasi la Thika, bila kujaribu mipangilio yote. Kanuni ni hii: kabla ya kupandisha jiwe, lijaribu kwa wadogo zake. Yaweke mawe yote yaliyo madogo kuliko hilo kwenye upande mwepesi. Kama upande huo bado ni mwepesi, wadogo wameshindwa. Yaondoe, na jiwe kubwa lipande hapo. Kama mizani imelala sawa au imeinama upande wa pili, wadogo wanatosha. Yaondoe, na jiwe kubwa libaki nje. Kisha nenda kwa jiwe linalofuata.

Tuseme kabichi ina vipande 23, ingawa wewe hujui. Iko kushoto. Weka 9, 3 na 1 kulia: jumla 13, na kulia bado ni kwepesi. Basi ondoa yote, weka 27 kulia. Sasa kushoto ndiko kwepesi. Ni zamu ya jiwe la 9: lijaribu kwa 3 na 1, uyaweke kushoto pamoja na kabichi. Mizani inalala sawa! Anayeanza atasimama hapo, na hatakosea, maana jibu limeshapatikana. Lakini ukifuata kanuni hadi mwisho utafika palepale: wadogo wametosha, 9 libaki nje. Zamu ya jiwe la 3: weka 1 kushoto, kushoto bado ni kwepesi, kwa hiyo 3 lipande kushoto. Mwisho jiwe la 1: kushoto bado ni kwepesi, lipande hukohuko. Umepata + 0 − −, gramu 1,150. Kitu kisicholingana na vipande kamili hakitaifanya mizani ilale sawa kabisa, ila utakuwa umekikaribia kwa gramu zisizofika 50.

Ni haki kuuliza: tunajuaje kwamba hakuna namba iliyoachwa? Na je, namba moja haiwezi kuwa na mipangilio miwili? Tazama jiwe la 1. Mawe mengine yote, 3, 9 na 27, hugawanyika kwa tatu, kwa hiyo baki la namba likigawanywa kwa tatu linashughulikiwa na jiwe la 1 peke yake. Baki likiwa 1, jiwe halina hiari, lazima liwe ng'ambo. Likiwa 2, lazima liwe pamoja na bidhaa. Likiwa 0, lazima libaki nje. Likishapata mahali pake, kilichobaki chote hugawanyika kwa tatu, na hoja ileile inalishika jiwe la 3, kisha la 9, kisha la 27. Hakuna hatua yenye njia mbili. Basi kila mpangilio ni namba moja na kila namba ni mpangilio mmoja. Hesabu mipangilio: kila jiwe lina mahali patatu, mawe ni manne, 3 × 3 × 3 × 3 = 81. Mmoja ni mizani tupu. Iliyobaki 80 huenda jozi jozi, kila mpangilio na kinyume chake, kwa hiyo 40 inapima bidhaa ya kushoto na 40 inapima ya kulia. Ndipo inapotoka 40. Mawe manne mengine yoyote hayawezi kuishinda namba hiyo. Mawe ya 1, 2, 4 na 8, yakikaa upande mmoja tu, hufika 15.

Namba ikishaandikwa hivi, inakuonyesha mambo yake kwa kuitazama tu. Ikiishia na 0, inagawanyika kwa tatu. Ikiishia na sufuri mbili, kwa tisa. Witiri na shufwa hazihitaji hata kujua thamani: hesabu mawe yaliyopanda, popote yalipo. Yakiwa mawili au manne, namba ni shufwa. Yakiwa moja au matatu, ni witiri. Tazama robo kilo, vipande vitano, mawe matatu. Tazama kilo, vipande 20, mawe manne. Sababu ni kwamba 1, 3, 9 na 27 zote ni witiri, na witiri mbili zikijumlishwa au zikitolewa huzaa shufwa. Mwambie mtoto afiche mizani kwa kitambaa na akutajie idadi ya mawe tu. Utamwambia namba yake ni ya aina gani, naye atataka kujua umejuaje. Hapo ndipo umfundishe.

Namba hasi haihitaji alama yake ya pekee. Geuza kila + iwe − na kila − iwe +, umepata kinyume. Robo kilo ni 0 + − −. Deni la robo kilo ni 0 − + +. Alama ya kwanza isiyo sufuri ndiyo inayoamua kama namba ni chanya au hasi, kwa sababu jiwe kubwa huwashinda wadogo zake wote pamoja: 27 dhidi ya 13, 9 dhidi ya 4, 3 dhidi ya 1.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni ya kukadiria. Katika besi kumi, ukitaka kuikadiria 35 kwa makumi ya karibu unakwama: iko katikati kabisa ya 30 na 40, na walimu wamelazimika kutunga kanuni ya kwenda juu. Hapa, kata tu tarakimu za mwisho. Chukua 14, ambayo ni + − − −. Fanya ya mwisho kuwa 0, unapata 15, kigawe cha tatu kilicho karibu zaidi. Fanya mbili za mwisho kuwa 0, unapata 18, kigawe cha tisa kilicho karibu zaidi. Fanya tatu kuwa 0, unapata 27, iliyo karibu na 14 kuliko sufuri ilivyo, kwa kipande kimoja tu. Namba nzima haiwezi kukwama katikati, kwa kuwa 3, 9 na 27 ni witiri na nusu yake si namba nzima.

Kujumlisha kuna kanuni tatu fupi. + na − hufutana. + na + ni − na kubeba + kwenda kushoto, maana mbili ni tatu ukitoa moja. − na − ni + na kubeba −. Jumlisha robo na nusu: 0 + − − na 0 + 0 +. Nafasi ya 1: − na + ni 0. Nafasi ya 3: − na 0 ni −. Nafasi ya 9: + na + ni −, beba +. Nafasi ya 27: +. Jibu ni + − − 0, robo tatu ileile tuliyoipata kwa mizani. Mwache mtoto afanye yote mawili, kwa kalamu na kwa vifuko, aone yanavyokutana.

Wazo hili si geni duniani. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, aliandika kuhusu mawe ya 1, 3, 9 na 27 katika kitabu chake cha 1202, na Bachet wa Ufaransa alilitoa tena kama fumbo mwaka 1612. Mwaka 1840 Mwingereza Thomas Fowler alionyesha jijini London mashine ya kuhesabu ya mbao iliyotumia tarakimu hizi hizi. Na mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Moscow, Nikolay Brusentsov na wenzake walijenga kompyuta iitwayo Setun iliyohesabu kwa besi tatu yenye ulinganifu, wakati kompyuta nyingine nyingi zilishika besi mbili. Huku kwetu Pwani, vipimo vya nafaka vilikuwa vya kuzidisha kwa mbili: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi.

Afrika Mashariki iliwahi kufundisha besi kwa bidii. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu wa nchi kadhaa za Afrika, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza, walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hesabu mpya, na besi zilikuwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa imeachana na hesabu hizo, kwa malalamiko kwamba zilikuwa mbali na maisha. Kwa maoni yangu besi zilionewa. Mtoto anayeambiwa abadilishe namba ubaoni kutoka besi hii kwenda ile, bila kitu cha kushika, ana haki ya kuuliza ni ya nini. Mtoto huyohuyo akipewa vifuko vinne na kabichi ataielewa kazi kabla hajamaliza kuuliza.

Ukizoea manne, ongeza la tano. Lazima liwe mara tatu ya la nne, vipande 81, na mara moja unafika vipande 121, kilo sita na gramu 50. Ukitaka kufikiria mizani kubwa ya sokoni, badilisha kipande kiwe kilo moja. Mawe matano ya kilo 1, 3, 9, 27 na 81 yanatosha kwa magunia yote mawili yanayojulikana zaidi. Gunia la mahindi la kilo 90 ni + 0 + 0 0, mawe mawili tu, 81 na 9. Gunia la viazi la kilo 50 ni + − 0 − −: jiwe la 81 liko peke yake ng'ambo, na yale ya 27, 3 na 1 yamepakiwa juu ya viazi.